Kabla ya Kuomba Nauli, Tuijue Nauli

Maombi yanayofika kwa wingi katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu hapa Lukuledi si ya saruji wala ya mikeka. Ni ya nauli. Mgonjwa amepewa rufaa ya Dar es Salaam. Kijana amepata nafasi ya chuo. Mama amefiwa na nduguye Mbagala na hitima imekaribia. Baada ya swala ya Ijumaa hutolewa tangazo, waumini huchanga kile walichojaaliwa, na siku ya pili msafiri huondoka. Haupiti muda ila simu hupigwa kutoka huko huko aliko: fedha zimekwisha na ya kurudia haipo.

Tumelitafakari jambo hili kwa muda, na rai yetu ni kwamba aghalabu tatizo si uchache wa mchango. Wasafiri wetu huondoka bila kuijua bei ya haki ya safari yao, na asiyeijua bei hupangiwa na kila anayekutana naye, kuanzia mpiga debe wa stendi hadi mchukuzi wa begi. Juma hili, basi, tumeona ukurasa huu wa familia uzungumzie basi: namna ya kutoka kwetu hadi Dar es Salaam na kurudi, kwa staha na kwa gharama ambayo familia inaweza kuibeba.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo silaha ya mnyonge. Nauli za mabasi ya mikoani hapa nchini haziachwi kwa mwenye basi kuamua apendavyo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ambayo ilichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hupanga kiwango cha juu kwa kila kilomita ambayo abiria mmoja anasafirishwa. Katika tangazo la Desemba 2023, daraja la kawaida kwenye barabara ya lami liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na daraja la kati shilingi 67.84. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Ndanda, Mnazi Mmoja, Lindi na Nangurukuru, ni kama kilomita 600. Zidisha mwenyewe: daraja la kawaida halitakiwi kupita shilingi 29,100 hivi, na daraja la kati halitakiwi kupita 40,700. Tangazo jipya likitoka namba hubadilika. Namna ya kuhesabu ni ile ile.

Ndugu msomaji azingatie kwamba hicho ni kiwango cha juu kabisa, na mwenye basi hakatazwi kutoza chini yake. Katika miezi ambayo wasafiri ni wachache, kama Februari na Machi, mawakala huwa wapole na bei hushuka bila hata kuombwa sana. Hali hugeuka kuanzia Oktoba. Minada ya korosho inapoanza na vyama vya msingi vikaanza kulipa wakulima, ndugu zetu hupata fedha zote kwa wakati mmoja na kutamani kusafiri kwa wakati mmoja. Huja Desemba, watoto wako likizo, kuna jando na unyago, na walioko Dar wanarudi kwa mkupuo. Huja Januari, shule zinafunguliwa. Katika miezi hiyo minne mtu akifika stendi ya Masasi jioni akitaka kuondoka alfajiri ataambiwa zimebaki siti mbili za nyuma, na bei yake atatajiwa kwa kunong'onezwa.

Ipo hila moja ambayo waumini wetu wameilalamikia zaidi ya mara moja. Abiria hutoa shilingi 40,000, wakala huandika tiketi ya 29,000, na akiulizwa hujibu kwamba hiyo ni taratibu ya ofisi. Hatutaji kampuni wala mtu, kwani tunachokilenga ni hila yenyewe. Tiketi ndiyo mkataba wako. Kiasi kilichoandikwa juu yake ndicho ulichokubali kulipa mbele ya sheria, na kiasi kilichozidi umekipoteza bila ushahidi. Siku hizi tiketi hutolewa kwa mfumo wa mtandao, yenye jina lako, namba ya siti, namba ya basi, tarehe na nauli. Isome kabla ya kuondoka dirishani. Ikitofautiana na ulichotoa, omba irekebishwe hapo hapo kwa sauti ya upole ambayo na wengine wanaisikia. Wakikataa, LATRA wana ofisi mikoani na namba ya simu isiyo na malipo. Mwenye kulipa kwa simu ana nafuu zaidi, kwa kuwa ujumbe wa malipo hubaki kwenye simu yake.

Daraja lipi lichaguliwe? Kwa kijana mwenye afya tunasema la kawaida linamtosha. Kwa mgonjwa wa mgongo, mjamzito au mzee, tofauti ya shilingi 11,600 si anasa. Basi la daraja la kati kwa kawaida huwa na viti viwili kila upande, na nafasi ya kunyoosha miguu ni kubwa kidogo. La kawaida mara nyingi lina vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na aliyekaa katikati ya wale watatu hufika akiwa amebanwa mbavu. Kamati inapomchangia mgonjwa tumependekeza imlipie yeye daraja la kati, na msindikizaji wake apande basi hilo hilo kwa gharama hiyo hiyo. Kuwatenganisha ili kuokoa elfu kumi ni ubahili usio na faida.

Siti nazo si sawa. Za nyuma kabisa hurusha, na zilizo juu ya tairi hupokea kila shimo. Katikati ya basi ndiko kwenye utulivu. Kuhusu jua, uzoefu wetu ni kwamba upande wa dereva una nafuu kwenda na kurudi. Ukienda Dar, baada ya Mnazi Mmoja basi linaelekea kaskazini, na jua kali la mchana na alasiri hupiga upande wa kushoto, wakati upande wa dereva umo kivulini. Ukirudi, jua la asubuhi hutoka upande wa baharini, ambao sasa ndio wa kushoto, na upande wa dereva umepona tena. Mwanamke anayesafiri peke yake amwambie wakala waziwazi kwamba anataka jirani yake awe mwanamke. Ombi hili likitolewa mapema hukubaliwa bila mzozo. Likitolewa basi likiwa limejaa huwa ugomvi.

Tusemeni kidogo juu ya neno "Express". Limeandikwa ubavuni mwa mabasi mengi, hata yale yanayosimama kila penye mwembe. Basi la mwendo wa moja kwa moja husimama vituo vikubwa tu na halipakii abiria wa kusimama. Usimuulize wakala kama basi lake ni ekspresi, kwa kuwa jibu lake unalijua. Muulize linasimama wapi na wapi, na wakati wa chakula linasimama mji gani. Akikuambia mtafika Dar kwa saa saba, jua hasemi kweli. Mwendo wa juu wa basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, na mabasi haya yamefungwa kifaa kinachoiarifu mamlaka likizidisha. Kilomita 600 kwa mwendo huo bila kusimama hata mara moja ni saa saba na nusu. Ongeza vijiji vya kupunguza mwendo, vituo vya askari, mizani na chakula. Saa kumi au kumi na moja ni makadirio ya mtu mkweli.

Wazee wetu hucheka wanapotusikia tukizilalamikia saa hizo. Wao walivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakiwa makali walikaa ng'ambo siku kadhaa wakisubiri, au waliiacha barabara kabisa wakaenda Mtwara kutafuta meli. Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki tope kwa miaka mingine mpaka kikatiwa lami. (Bonde hili la Lukuledi liliwahi kuwa na reli ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hadi leo tunaisikia tu kwa wazee.)

Barabara hiyo, hata hivyo, haijawa ya kutegemewa miezi kumi na miwili. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata katika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili, abiria wakilala ndani ya mabasi. Kwa hiyo anayesafiri kati ya Machi na Mei achukue tahadhari ambayo Agosti haina haja nayo: dawa za siku tatu zaidi ya zinazotakiwa, ziwe kwenye mkoba wa mkononi wala si kwenye buti, maji, tende au mkate, na fedha kidogo iliyotengwa ambayo haiguswi. Kwa mwenye kisukari au anayetumia dawa za presha, jambo hili lina uzito kuliko siti na daraja. Buti la basi hufunguliwa kituoni, na basi lililokwama usiku si kituo.

Hapo tunafika kwenye suala la rufaa, ambalo ndilo linalomaliza mifuko ya familia nyingi hapa kwetu. Imezoeleka kwamba mgonjwa akishindikana Ndanda au Masasi basi njia ni Muhimbili. Tangu miaka ya karibuni ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, Mtwara. Sisi si madaktari, na uamuzi wa wapi mgonjwa aende ni wa daktari wake. Lakini ni haki ya familia kuuliza: je, huduma hii haipatikani Mitengo? Angalia tofauti. Masasi hadi Mtwara ni kama kilomita 200. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, kwa daraja la kawaida, hawatakiwi kuzidi shilingi 39,000 kwa wote wawili. Safari hiyo hiyo ya Dar es Salaam ni zaidi ya 116,000, kabla hawajalala wala kula. Na mtu wa Mtwara anaweza kupata basi la asubuhi akamwona daktari siku hiyo hiyo. Swali moja kwa daktari, likiulizwa kwa adabu, limewahi kuiokolea familia gharama ya mbuzi wawili.

Tukirudi kwenye safari ya Dar, gharama inayosahaulika ni ya kabla ya safari yenyewe. Wengi wetu wa Lukuledi hupandia Masasi, na mabasi huondoka alfajiri. Anayekodi bodaboda saa tisa usiku hulipa mara mbili au tatu ya nauli ya mchana, na anajihatarisha. Anayelala nyumba ya wageni hulipa chumba. Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda: kushuka Masasi mchana wa jana yake, kwa gari la kawaida, na kulala kwa ndugu au kwa mwenyeji aliyeandaliwa. Kamati za misikiti huweza kusaidia hapa kuliko kwa kuchanga fedha. Msikiti wa mjini ukiwa na kaya tatu au nne zilizo tayari kumpokea msafiri usiku mmoja, mgonjwa wa kijijini ameokoa gharama ya chumba na amepata wa kumfikisha stendi. Tumelipeleka wazo hilo kwa wenzetu wa Masasi, na tunawaomba wa Newala walifikirie pia.

Mwisho wa safari nao upangwe. Basi la kusini huingia Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, likipita Vikindu na Mbagala. Stendi kuu ya Magufuli, iliyofunguliwa mwaka 2021, iko Mbezi, upande wa barabara ya Morogoro, mbali na Temeke na mbali na Mbagala. Mwenye mwenyeji Mbagala, Temeke au Kigamboni akipitiliza hadi Mbezi atalipa tena kurudi alikotoka, tena usiku na mizigo kichwani. Muulize wakala basi linaishia wapi na linashusha wapi, kisha umwarifu mwenyeji wako kabla hujaondoka Masasi, si ukiwa Kibiti na simu imeisha chaji.

Kuhusu mizigo, abiria mtu mzima ana haki ya kilo 20 bila malipo. Gunia la mbaazi la kumpelekea shemeji linazidi hapo, nalo litalipiwa. Mpatane bei kabla halijaingia butini na udai risiti. Mara nyingine ni rahisi zaidi kumtumia shemeji fedha anunue mbaazi huko huko Kariakoo, ingawa tunajua hazitakuwa na ladha ya za nyumbani.

Wapo wanaotuuliza juu ya basi la usiku, ambalo liliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya marufuku. Faida yake iko wazi: unalala ndani ya basi, unaamkia mjini, umeokoa siku ya kazi. Kwa mfanyabiashara mwenye mzoea wa njia hatuna neno. Kwa mama mwenye watoto wadogo, kwa mgonjwa, na kwa mwanafunzi anayekwenda Dar mara yake ya kwanza, tunashauri basi la mchana. Likiharibika mchana kuna kijiji, duka, na watu wa kuuliza. Dereva naye ni binadamu. Usingizi wa saa tisa usiku haujui leseni ya mtu.

Na swala? Hili tunaulizwa zaidi na akina mama, ambao huona haya kumwambia dereva asimame. Alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine, kwa hiyo basi linaloondoka kabla ya kuingia wakati wake lina mashaka. Chagua linaloondoka saa kumi na mbili, uwe umeswali msikitini au stendi. Kwa basi hilo, adhuhuri hukukuta karibu na Nangurukuru, ambako mabasi mengi husimama kwa chakula. Hapo msafiri huswali adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili kwa pamoja, akinuia kukusanya akiwa katika ile ya kwanza wala asizitenganishe kwa chakula katikati. Dakika saba zinatosha. Aliyeanza na wali na kuiacha swala kwa mwisho ndiye anayeachwa na basi. Magharibi huweza kucheleweshwa ikaswaliwa na isha utakapofika, maadamu umenuia hivyo kabla wakati wa magharibi haujatoka na bado ni msafiri. Anayetarajia kukaa Dar siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, huanza kukamilisha swala zake mara anapofika, na huyo hana tena ruhusa ya kuichelewesha magharibi mpaka huko; aiswali njiani au ajue ataikadhi. Kuhusu kuanza safari siku ya Ijumaa baada ya alfajiri, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelikataza kwa mwenye kuwajibikiwa na Jumaa ambaye hataipata njiani, isipokuwa akiwa na dharura. Kwa asiye na dharura, Alhamisi ipo na Jumamosi ipo.

Limebaki la nauli ya kurudi. Kamati yetu imekubaliana kwamba kuanzia sasa mchango wa nauli utatolewa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni tiketi yenyewe ya kwenda, ikikatwa na mjumbe wa kamati kwa jina la msafiri, siku tatu kabla au zaidi. Fungu la pili hubaki kwa mtunza hazina, na hutumwa kwa simu siku msafiri anapopewa ruhusa hospitalini au anapomaliza shughuli yake, moja kwa moja kwa malipo ya tiketi. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kutowaamini watu. Tumewajibu kwamba fedha iliyo mfukoni mwa mgeni mjini ina maombi mengi: dawa, chakula, ndugu mwenye shida kuliko yeye. Iliyo Lukuledi haiombwi na mtu.

Wanaohitaji kukatiwa tiketi waje ofisini kati ya alasiri na magharibi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, wakiwa na jina kamili la msafiri, namba ya simu ya mwenyeji wake, na kwa mgonjwa, barua ya rufaa.